Kijana, usiulize kwenda New York ni saa ngapi, uliza kurudi ni siku ngapi

Hebu chukua simu yako uandike swali hili kwenye mtandao: kutoka Nairobi hadi New York ni umbali gani? Jibu litakuja hata kabla hujakaa vizuri. Kilomita 11,840 hivi. Kwa ndege ya moja kwa moja, saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Basi. Unafunga ukurasa ukijiambia, "Kumbe si mbali hivyo. Nikilala na kuamka, nimefika."

Mimi nami niliwahi kujiambia hivyo hivyo. Siku hizi sijiambii tena, na ningependa nawe uache, hasa kama uko kwenye ile foleni ndefu ya vijana wanaosaka viza, wanaojaza fomu za vyuo vya majuu, au wanaosubiri ajenti apige simu aseme tiketi iko tayari.

Hoja yangu ni moja. Saa za ndege hupima ndege, hazipimi safari yako. Umbali wako wa kweli ni muda utakaokuchukua kufika nyumbani siku ambayo nyumbani watakuhitaji. Na huo hakuna tovuti itakayokupigia hesabu. Itabidi uipige mwenyewe, na uipige kabla hujaondoka.

Hesabu ya ndege

Tuanze na hesabu yenyewe, maana wengi huitaja bila kujua imetoka wapi.

Zile kilomita 11,840 ni za mstari mfupi kabisa juu ya mviringo wa dunia. Kumbuka lile tufe la somo la jiografia. Weka ncha ya uzi Nairobi, uvute hadi New York mpaka ukazike. Utaona uzi haupiti Congo na kunyoosha magharibi kama unavyodhani ukitazama ramani ya ukutani. Unapanda kaskazini magharibi: Sudan Kusini, Chad, jangwa la Sahara, Morocco, kisha bahari ya Atlantiki. Huo ndio umbali unaosomewa kwenye mtandao.

Sasa, ndege ya Boeing 787 Dreamliner, ambayo Kenya Airways ilianza nayo safari hii, huenda kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa ikishatulia angani. Gawanya mwenyewe. Unapata saa 13 na dakika chache. Mbona basi tunaambiwa saa 15?

Kwanza, ndege hairuki na kutua kwa kasi hiyo. Kuna muda wa kujikokota uwanjani, kupanda na kushuka. Pili, kuna upepo. Juu kule kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unapambana nao, ukirudi unakusukuma mgongoni. Ndiyo maana kurudi kuna nafuu ya karibu saa nzima. Tatu, ndege haifuati uzi wa tufe. Hufuata njia zilizo wazi. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023 na anga la nchi hiyo likafungwa, ndege nyingi kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zililazimika kuzunguka. Vita ambavyo havikuhusu vinaweza kukuongezea muda wa kukaa kwenye kiti.

Hata Nairobi yenyewe ina mchango wake. Uwanja wa JKIA uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na ndege iliyobeba mafuta ya kutwa nzima inahitaji nguvu zaidi kunyanyuka kuliko ingekuwa Mombasa. Kwa hivyo uzito wa abiria na mizigo hupigiwa hesabu kali, na baridi ya usiku husaidia. Usidhani ni bahati tu safari hii huanza usiku.

Halafu kuna saa ya ukutani, ambayo hudanganya kuliko zote. Tuseme umeondoka Nairobi saa tano za usiku mwezi wa Januari. Saa 15 baadaye, Nairobi ni saa nane mchana, lakini New York, iliyo nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi, ndiyo kwanza saa kumi na mbili asubuhi. Ukitazama saa tu utasema umesafiri saa saba. Mwili wako hautadanganyika, lakini akili itafurahi. Ndipo unapompigia mama simu na kumwambia, "Nimefika, wala si mbali."

Safari hii ya moja kwa moja ilizinduliwa Oktoba 28, 2018. Kabla ya hapo ulilazimika kubadilisha ndege Ulaya, Addis Ababa au Ghuba, na siku nzima ikaisha. Kwa hivyo simkosoi aliyeshangilia. Kupunguziwa safari ni jambo jema. Tatizo ni kwamba tuliposikia saa 15, tulianza kuiweka Marekani kwenye kapu moja na basi la usiku la Mombasa. Kwamba jambo likitokea, unapanda tu, asubuhi uko kwenu.

Siku ya kuhitajika

Nina binamu anayeishi Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi. Alienda kusoma. Alipoondoka tulimsindikiza JKIA kwa matatu mbili, tukapiga picha, shangazi akaomba dua. Mtu mmoja katika ukoo akasema, na sote tukaitikia: "Dunia imekuwa ndogo. Akitaka hata Krismasi atakuja."

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Januari, shangazi alifariki. Ilikuwa usiku wa Jumapili. Kamati ya mazishi ikapanga maziko yawe Jumamosi iliyofuata, nyumbani Kakamega. Siku sita. Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu aliuliza swali lile lile: kijana anafika lini? Kwani si ni saa 14 tu kuja?

Hebu tupige hesabu yake. Minnesota si New York. Kutoka Minneapolis hadi uwanja wa JFK ni kilomita 1,650 hivi, ndege ya karibu saa tatu, na unatakiwa uwe uwanjani mapema. Hapo JFK unasubiri, maana ndege ya Nairobi haiondoki kila ikijaa kama matatu. Kisha saa 14 angani. Ukitua kuna foleni ya pasipoti na mizigo. Kisha Nairobi hadi Kakamega, kutwa nzima barabarani, au upate ndege ya Kisumu halafu gari. Ukijumlisha bila hitilafu yoyote, hizo ni zaidi ya saa 30 kutoka mlango wake hadi mlango wa mamake. Siku sita bado zingetosha.

Nauli je? Tiketi ya kwenda na kurudi mara nyingi hupita shilingi laki moja, na ya kununua leo kusafiri kesho hupanda zaidi. Hiyo nayo tungechanga. Sisi Wakenya kwa harambee hatujambo.

Kilichomzuia ni karatasi. Viza yake ilikuwa imeisha muda. Usishtuke, hakuwa amevunja sheria. Hapa ndipo wengi hawaelewi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Viza ya Marekani ni ruhusa ya kubisha hodi mlangoni. Ukishakaribishwa ndani, kinachokuruhusu kukaa ni hali yako ya kisheria, kwa mfano kuendelea na masomo kama ulivyosajiliwa. Mwanafunzi anaweza kuwa na viza iliyoisha na bado yuko huko kihalali kabisa. Ila akitoka nje ya mlango, hawezi kurudi mpaka apewe viza nyingine, na hiyo ni kupanga miadi ubalozini, kusubiri wiki au miezi, na kuhojiwa upya bila uhakika wa kukubaliwa. Alikuwa amebakiza muhula mmoja na nusu. Karo yote ambayo shangazi aliuza shamba kulipia ilikuwa mezani.

Alituma ujumbe mmoja kwenye kundi: "Siwezi kuja. Nisameheni." Kuna waliomjibu kwa pole. Kuna waliosema pembeni, lakini si kwa sauti ya chini, kwamba amesahau alikotoka.

Jumamosi hiyo mimi ndiye niliyepewa kazi ya kushika simu ili aone. Kwetu ilikuwa saa tano asubuhi, kwake ilikuwa saa nane za usiku. Alikuwa amekaa jikoni amevaa suti. Nilimwonyesha watu, nikamwonyesha wimbo wa kina mama wa kanisa, nikamwonyesha jeneza. Lilipoanza kuteremshwa, mtandao ukakatika. Nilihangaika na simu ile nikizunguka kaburi kama mtu anayetafuta kuku. Uliporudi, udongo ulikuwa umekwisha kusawazishwa na watu walikuwa wakielekea kwenye hema la chakula. Akaniuliza, "Wameshamaliza?" Nikamwambia ndiyo. Akasema sawa.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia New York ni saa 15, mimi humuuliza: saa 15 za nani?

Aliye karibu anaweza kuwa mbali

Labda unasema, hayo ni ya Marekani, mimi naenda Ghuba tu. Riyadh si mbali. Na kweli, kwenye ramani si mbali. Kutoka Nairobi hadi Riyadh ni kilomita 3,100 hivi, karibu robo ya safari ya New York. Ndege ya moja kwa moja huchukua chini ya saa tano. Hata saa za ukutani ni zile zile: saa mbili asubuhi ya Nairobi ni saa mbili asubuhi ya Riyadh.

Haya, sasa jiweke katika nafasi ya msichana wa miaka 23 aliyeenda kufanya kazi za nyumbani huko. Chini ya mfumo wa kafala, kuwepo kwake nchini kumefungwa na mwajiri wake. Ili atoke na aweze kurudi kazini anahitaji viza ya kutoka na kurudi. Saudi Arabia ilifanya mageuzi mwezi Machi 2021 yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi wa kampuni kujiombea viza hiyo wenyewe. Wafanyakazi wa nyumbani hawakuhusishwa katika mageuzi hayo. Kwake yeye, saa tano za ndege zinaanza pale tu mwajiri atakaposema sawa. Na kama pasipoti imefungiwa kabatini kwa mwajiri, jambo ambalo sheria ya huko inalikataza lakini watetezi wa haki wameliripoti mara nyingi, basi hajui hata zitaanza lini.

Linganisha na Mkenya mwenye kadi ya kudumu ya Marekani, mwenye kazi na akiba. Yeye yuko mbali karibu mara nne zaidi kwa kilomita. Akipigiwa simu Jumapili usiku, Jumatano yuko kwao. Yule wa Riyadh huenda asifike mwezi mzima.

Sasa niambie, nani yuko mbali?

Ndiyo maana ajenti akikuambia "ni saa tano tu, utakuwa unakuja," usitabasamu kwanza. Muulize: nitakuja kwa ruhusa ya nani? Pasipoti yangu itakaa wapi? Mkataba unasema nini kuhusu likizo ya dharura? Nauli ya kurudi ataitoa nani nikikatisha kazi? Akianza kuzungusha maneno, umbali wako umeshaujua.

Na usisahau kwamba hata mwenye karatasi zote anaweza kufungiwa. Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona, na hazikurejea hadi Agosti 1 mwaka huo. Kwa miezi minne ile, New York haikuwa saa 15 wala Riyadh haikuwa saa tano. Watu walizika, walioa, walizaliwa watoto, na aliyekuwa nje alibaki nje.

Waliotutangulia walijua

Kuna jambo wazee wetu walilijua kuliko sisi. Mwaka 1959, kupitia mpango ambao Tom Mboya alikuwa mstari wa mbele kuuendesha, wanafunzi 81 walisafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Wengine mamia wakafuata. Miongoni mwa walioondoka Septemba 1960 alikuwa Wangari Maathai, ambaye baadaye alituletea Tuzo ya Amani ya Nobel. Alienda kusoma chuo kilichoko Kansas. Alirudi Kenya Januari 1966.

Fikiria hapo. Bendera ya Mwingereza ilishushwa na yetu ikapandishwa Desemba 1963 yeye akiwa Marekani. Nchi nzima ilibadilika akiwa hayupo. Na kwao hakuna aliyedhani atakuja Krismasi. Familia iliyomuaga kijana wakati ule ilimuaga kikweli. Walijua barua ni wiki kadhaa. Walijua anaweza kurudi asiwakute baadhi yao. Kwa sababu walijua, walisema yaliyopaswa kusemwa. Kila mtu alitoa baraka zake mapema, wosia ukatolewa na deni likaelezwa. Aliyekuwa na kinyongo alikitoa kabla gari halijaondoka.

Sisi je? Tunaagana na mtu anayeondoka kwa miaka saba kama vile anaenda Nakuru. "Tutaongea WhatsApp." Simu ya video imetudanganya kama saa ya ukutani inavyotudanganya. Unamwona mamako kila jioni, unafikiri uko karibu naye. Siku ya kumshika mkono ndipo unapogundua kwamba ulichokuwa ukikiona ni kioo.

Sikuambii usiende

Najua kuna anayesoma hapa akisema, "Huyu naye anataka tubaki hapa tuzeeke tukisubiri ajira." La hasha. Siwezi kukuambia hivyo na huku mtaani nawaona wenye digrii wakiendesha bodaboda. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na Marekani ndiyo iliyoongoza kwa mbali. Hizo ni karo, ni dawa, ni mabati, ni shamba. Binamu yangu mwenyewe alimaliza chuo, yuko kazini, na wadogo zake wanasoma kwa jasho lake. Angekuja kwenye yale mazishi, pengine hayo yote yasingekuwepo. Mimi siamini alikosea. Ninachoamini ni kwamba sisi wote tulikosea siku ile pale JKIA, tulipojidanganya kuhusu umbali.

Nenda. Lakini nenda ukijua unaenda wapi. Na kuna mambo manne ambayo ningependa uyafanye kabla hujafunga begi.

La kwanza, weka nauli ya kurudi. Tunafanya harambee za kumtoa mtu nchini, hakuna anayefanya harambee ya kumrudisha mpaka awe ndani ya jeneza. Kwa nini? Wakikuchangia, omba sehemu iwekwe kando, iwe kwenye akaunti au kwenye chama ambacho unakiamini, na iwe haramu kuigusa kwa karo, kwa simenti au kwa simu mpya. Ukianza kazi, iongeze mpaka itoshe tiketi ya ghafla. Fedha hiyo haitazaa faida yoyote, na ndiyo utakayoishukuru kuliko zote.

La pili, zijue karatasi zako kama unavyolijua jina lako. Viza yako ni ya kuingia mara moja au mara nyingi? Inaisha lini? Ukitoka, utaruhusiwa kurudi kwa njia gani? Pasipoti imebakiza muda gani, maana nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi sita? Usingoje kuyauliza haya siku umepigiwa simu ya msiba, machozi yakiwa machoni. Yaulize leo, ukiwa na akili tulivu. Vyuo vingi vina ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Ingia humo wiki ya kwanza.

La tatu, na najua ni gumu, zungumza na wazazi. Wakalishe chini uwaambie: nikiwa huko, likitokea la kutokea, huenda nisifike. Mtanisubiri? Mtanisubiri siku ngapi? Mkinizikia mtu bila mimi, mtanielewa? Katika jamii zetu kuzungumzia kifo cha mtu aliye hai huonekana kama kumtabiria. Lakini kutolizungumzia hakukuondolei kitu. Shangazi yangu alikuwa mtu wa busara. Naamini angeulizwa angesema, "Mwanangu, maliza shule." Neno hilo lingemtosha binamu yangu kwa usiku ule jikoni. Lakini hakuulizwa, na yeye hakusema, kwa kuwa sote tuliambiana ni saa 15 tu.

La nne ni letu sisi tuliobaki. Tuache kuwahesabia watu saa za ndege. Unapomwuliza mtu aliye nje "mbona hujaja, si ni siku moja tu?", wewe unasoma ramani, yeye anasoma mkataba, viza, salio la benki na sura ya mwajiri wake. Anayekosa kuja hajasahau alikotoka kwa lazima. Mara nyingine yeye ndiye anayekumbuka kuliko wote, kwa sababu hana hata kaburi la kusimama kando yake.

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baharia atazunguka mbele na nyuma ya chombo, mwisho atarudi katikati. Methali hiyo huwa tunaitumia kumtisha anayeondoka, kwamba utarudi tu. Mimi huisoma hivi siku hizi: kama marejeo yapo, basi yapangiwe. Mabaharia wa majahazi walijua kupanga. Walikwenda na pepo za kaskazi na kurudi na za kusi, na hakuna aliyetweka tanga bila kujua upepo wa kumrudisha utavuma mwezi gani.

Binamu yangu alikuja mwaka uliopita, viza mpya mkononi. Nilienda kumpokea JKIA. Aliponiona jambo la kwanza aliloniuliza ni kama tunaweza kuondoka usiku ule ule kwenda Kakamega, asilale Nairobi. Tukaondoka. Njiani nilimuuliza safari ilikuwaje. Akaniambia ilimchukua miaka mitatu.

Kwa hivyo, kijana mwenzangu, ukiandika tena swali lile kwenye simu, soma jibu, kisha weka simu chini. Chukua kalamu na karatasi. Andika jina la mtu mmoja nyumbani ambaye hungependa aondoke bila kukuona. Halafu piga hesabu: kutoka huko unakokwenda, kwa karatasi utakazokuwa nazo, kwa fedha utakazokuwa nazo, kwa bosi utakayekuwa naye, ungemfikia baada ya siku ngapi?

Namba utakayoipata ndiyo umbali. Kama huwezi kuishi nayo, ipunguze kabla hujaondoka.